Mwito wa Tatu

Fauzi ndiye aliyelipia tikiti, bisi na soda,
akanivusha daraja mpaka Nyali,
kwenye ukumbi wenye baridi ya jokofu la samaki,
nami sina hata mtandio mzito.
"Ni filamu tu," akasema, "mwisho wake taa huwashwa."

Nilikuwa tayari kwa damu.
Damu naijua, miaka sita nafagia wadi ya wazazi.
Nilikuwa tayari kwa meno, kwa kucha,
kwa paka mweusi kuruka kutoka kabatini.
Hakikuja hata kimoja.
Ilikuja nyumba tupu, na mlango,
na nyuma ya mlango kitu kisicho na umbo
kikiita watu kwa sauti za watu wao.
Aitikaye haonekani tena.

Hapo bisi zikanigeuka mchanga kinywani.
Maana hilo si lao, ni letu!
Nyanya alinifunza pale Kuze, kabla sijaijua alifu:
ukiitwa usiku, nyamaza.
Ya kwanza usiitike. Ya pili usiitike.
Binadamu huita ya tatu;
kisicho binadamu hakifiki.
Kwa hesabu hiyo nimelala salama miaka arubaini.

Lakini kile cha Nyali hakikufunzwa na nyanya.
Kiliita mara tatu, mara tano, mara saba,
kwa upole, kama mwenye siku nzima,
na yule mama wa filamu akachoka kuhesabu,
akafungua.

Taa ziliwashwa, ni kweli.
Fauzi akacheka, akajipangusa chumvi vidoleni.
Ndani ya tuktuk nilimsihi dereva asizime redio.

Mfereji wa uani ulikuwa na wiki tatu bila kutema tone.
Kila usiku twaulaza wazi, ndoo chini yake,
kama mtego wa panya uliokosa chambo.
Saa tisa ukakohoa.
Ukavuta pumzi ndefu, ukapiga mluzi,
ukakohoa tena, kama mzee anayetaka kusema neno.
Nilijua ni maji. Wallahi nilijua.
Shuka nikaivuta mpaka puani.

Kisha nje ya mlango: "Mwanakombo!"
Moja.
"Mwanakombo, maji!"
Mbili.
Madumu yagongana, kandambili zakimbia,
nyumba nzima imeamka kama mkesha wa Idi.
Halafu kimya. Halafu karibu zaidi, chini chini:
"Kombo."

"Labeka" ilikwisha fika kwenye meno.
Nikauona ule mlango wa Nyali ukifunguka,
nikaimeza.

Asubuhi, kila kizingiti kina mitungi imejaa, yatoa jasho.
Wangu mkavu, buibui amefuma ndani.
Bi Shemsa akanimiminia nusu ndoo, uso kaukunja:
"Walala kama gogo, we!
Nimekwita mara mbili, nikasema basi, mwenzangu kachoka."
"Mara mbili?"
"Mbili. Ya tatu nani ana muda nayo, na maji yataka kukatika?"

Nikashukuru, nikabeba nusu ndoo yangu.
La jina sikumuuliza.
Aliyeniita Kombo ni mtu mmoja tu,
na ndiye aliyekuwa akiniamsha zamani
maji yakitoka, saa hizo hizo za tisa,
kwa kidole cha baridi begani, baba asije akashtuka.
Tulimzika Kikowani. Mwaka wa nne huu.

Fauzi kapiga simu: Ijumaa kuna filamu nyingine.
Nimemwambia siendi, nina maji ya kungoja.
Usiku huu mtungi uko karibu na mlango,
komeo sijatia.
Nahesabu.
Ikifika tatu, Mungu anisamehe,
nitaitika.